Ski ikifunguka katikati ya mageti hakuna marudio: niliyoyaona kwa miaka ya kumsindikiza binti kwenye mbio za theluji

Naandika haya kwa sababu kila ikifika Septemba lazima kuna mzazi mmoja wa kwetu, awe yuko Ujerumani, Uswisi au hapa hapa Austria, ananitafuta: dada samahani, mwanangu kaingia klabu ya ski na kocha anasema ana kipaji, sasa tunanunua nini, tunaanzia wapi. Nimeshatuma voisi ndefu ndefu mpaka mume wangu ananicheka, bora niyaweke kwa maandishi kila mtu asome kwa wakati wake.

Mimi ni mtu wa Tanga. Niliolewa huku jimbo la Salzburg, kijiji cha milimani ambako mtoto wa miaka mitatu kuvaa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, ni jambo la kawaida kabisa. Binti yangu aliingia klabu akiwa darasa la kwanza, akapanda ngazi zote za watoto mpaka mashindano ya jimbo, na mimi muda wote huo nimekuwa dereva, mpishi, mpiga nta (ile inayopakwa chini ya ski ziteleze vizuri) na baadaye mwamuzi wa geti. Kushuka mwenyewe nashuka, ila msiniulize kwa mtindo gani.

Muelewe kwanza mchezo wenyewe, maana watu wanadhani ni kuteleza tu. Zipo aina nne kubwa: slalomu yenye mageti (nguzo zilizochomekwa njiani ambazo lazima uzipite kwa mpangilio) ya karibu karibu, slalomu kubwa, supa-G na daunhili ambayo ndiyo ya kasi kuliko zote. Slalomu zote mbili mtu anashuka mara mbili na muda unajumlishwa, supa-G na daunhili ni mara moja tu, umeshuka umeshuka. Na tofauti zake ni za kuumiza roho. Olimpiki ya PyeongChang 2018, supa-G ya wanawake, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki alimshinda Anna Veith wa Austria kwa 0.01 ya sekunde, na Lara Gut aliyekuwa wa nne, yaani aliyerudi nyumbani bila medali, alizidiwa 0.12 tu na mwenye dhahabu. Sasa kwenye 0.12 hiyo weka makali yaliyogonga jiwe asubuhi, weka nta isiyolingana na baridi ya siku ile, weka kifungo kimoja cha buti kilicholegea, halafu uniambie matokeo ni miguu peke yake.

Jambo la pili lililonishangaza ni theluji. Ile laini ya kwenye picha haifai kwa mbio, mtu wa kumi akipita mashimo yameshajichimba. Kwa hiyo wanaingiza maji ndani ya njia yenyewe na kuacha igande usiku, asubuhi unakuta kitu kigumu kama yale mabonge ya barafu ya kuhifadhia samaki sokoni. Ukipita na viatu vya kawaida unaanguka hapo hapo. Mtoto anatakiwa akate kona juu ya kitu hicho kwa spidi, na kinachomshikilia ni ule ukingo mwembamba wa chuma pembeni mwa ski, basi. Ndiyo maana makali yananolewa kwa tupa yenye kishikizo cha kupimia pembe, huku wengi wanapiga nyuzi 87 kwa ubavuni, halafu unamalizia na jiwe la almasi kuondoa vinyweleo vya chuma. Ski za duka la kukodisha hazina makali hayo, mzazi usimpeleke mtoto kwenye mbio na ski za kukodi halafu umlaumu anateleza.

Vifaa vyetu vya kwanza tulinunua kwenye basari ya klabu. Kila msimu wa mapukutiko klabu za huku zinaandaa mnada wa vitu vilivyotumika, wazazi wanaleta ski na mabuti yaliyowabana watoto, wengine wananunua. Bei inakuwa nafuu sana ukilinganisha na dukani, na kwa mtoto anayerefuka kila mwaka sioni sababu ya kununua vipya. Jozi mpya ya ski za mbio za mtoto pamoja na baindingi zake (ile mitego inayoshika buti mbele na nyuma) inakwenda mamia ya yuro, na akishafika kwenye slalomu na slalomu kubwa anahitaji jozi mbili tofauti, baadaye anataka za mazoezi na za mashindano, hapo ujue pochi imeanza kulia.

Pale pale kwenye basari ndipo nilipokutana na mzee mmoja fundi, mstaafu, zamani alikuwa anaandaa ski za wanariadha wakubwa. Alinitazama nikigeuza geuza ski sijui natafuta nini akaniambia, mama, acha kuangalia rangi, pitisha kucha kwenye ukingo. Ukingo ukiikwaruza kucha una uhai, ukiteleza ni mfu. Halafu akaniambia nije karakana kwake nijifunze, na kwa majira ya baridi yote yaliyofuata nikawa mwanafunzi wake. Nta unaiyeyusha kwa pasi maalumu, unaitandaza, unaiacha ipoe taratibu, halafu, na hapa ndipo wageni wengi tunashangaa, unaikwangua karibu yote na kupiga brashi mpaka mkono uume. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya sakafu ya ski, ile ya juu ni mzigo tu. Nta ya siku ya baridi kali ni ngumu na ya siku ya joto ni laini, na ukikosea hapo mtoto anashuka kama kawaida na wewe mwenyewe huoni kosa liko wapi, unaliona kwenye saa tu. Kingine, ski zikitoka ndani kwenye joto zitangulize nje zipoe kabla ya kugusa theluji, maana ski ya moto inayeyusha theluji chini yake kisha inaganda nayo.

Sasa niwasimulie siku iliyotutia adabu. Slalomu ya jimbo, mshuko wa kwanza binti yangu alikuwa wa tano, na hapo alikuwa hajawahi kuingia hata kumi bora. Mshuko wa pili, nusu ya njia, ski ya kushoto ikafunguka yenyewe. Hakugonga kitu wala hakuanguka kwanza, ski ilitoka tu akabaki na mguu mmoja hewani na akaishia kwenye wavu. Alilia mpaka miwani ikajaa ukungu. Mume wangu akaenda kwa majaji kuomba mtoto arudie, wakamwambia kwa upole kabisa kwamba haiwezekani. Sheria ya shirikisho la kimataifa, FIS, iko hivi: unarudia ukizuiwa na kitu cha nje, kwa mfano mtu kaingia njiani, aliyetangulia kaanguka na bado yupo mbele yako, au geti limeng'oka halijarudishwa, na hata hapo lazima usimame mara moja na umwambie mwamuzi wa geti wa karibu, ukiendelea kushuka umejinyima mwenyewe. Lakini kifaa chako kikikusaliti, hiyo ni yako. Mfundisheni mtoto hilo mapema, kwa sababu nimeona watoto wamezuiwa kabisa, wana haki zote, lakini wameendelea mpaka chini kwa heshima au kwa woga na muda mbovu ukabaki kwenye karatasi.

Jioni mzee fundi alilikagua buti kwa dakika moja. Akaonyesha soli: kibonge cha barafu kilichokandamizwa katikati. Mtoto alitembea na mabuti kutoka kwenye kibanda cha chai mpaka mstari wa kuanzia, theluji ikaganda chini ya soli, alipokanyaga baindingi ilifunga kwa sauti lakini haikushika sawasawa. Tangu siku ile kila mtoto ninayemsimamia anakwangua soli kwa ncha ya fimbo yake ya kushuka nayo mkononi au kwa kipande cha plastiki kabla ya kuvaa, na mtu wa pili anatazama.

Ila kabla ya kwenda kwa fundi mume wangu alikuwa ameshachukua bisibisi na kuikaza baindingi zaidi, akisema haitafunguka tena. Mzee alipoiona ile namba alikasirika kweli kweli, mimi sijawahi kumuona vile. Akatusimulia habari za Matthias Lanzinger, kijana wa jimbo letu hili hili la Salzburg. Machi 2008 huko Kvitfjell, Norway, alianguka kwenye supa-G na ski haikuachia mguu. Alivunjika vibaya, mishipa ya damu ikaharibika, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Huyo huyo baadaye alirudi kwenye theluji na mwaka 2014 akachukua medali mbili za fedha kwenye Paralimpiki ya Sochi, mtu wa chuma. Lakini mzee alichotaka tukielewe ni kwamba baindingi ina kazi mbili zinazopingana, kushika na kuachia, na wakubwa wanaikaza sana kwa sababu kwenye spidi zao ikifunguka bila sababu ni balaa, wanajua wanachokibeba. Namba ya mtoto inapimwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli na kiwango chake, na inapimwa kwa mashine kwa fundi. Siyo kwa hasira za baba.

Kuhusu nta nako kuna kisa wazazi wakijue. Zamani nta za ghali zilikuwa na florini, zinakimbia ajabu, shida ni kwamba kemikali zake haziozi, zinakaa kwenye maji na kwenye miili ya watu, na mafundi ndio waliokuwa wanavuta moshi wake. FIS ikapiga marufuku kabisa kuanzia msimu wa 2023/24. Mbio za kwanza tu za msimu huo, Sölden mwezi wa Oktoba, Ragnhild Mowinckel wa Norway, mwenye medali za Olimpiki, ski zake zikapimwa, mashine ikasoma florini, akatolewa kwenye matokeo. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Sisi kijijini tulitikisika, kwa sababu brashi na pasi zilizowahi kugusa nta ya zamani zinaweza kubaki na mabaki. Kwa hiyo ukinunua sanduku la vifaa vya nta lililotumika, hata kama bei inakuvuta, brashi achana nazo, nunua mpya.

Sasa nije kwenye uungwana, ambao mimi nilidhani ni maneno ya hotuba tu. Kwenye mbio moja ya slalomu kubwa fimbo ya binti ilikatika wakati wa kupasha mwili, zamu yake inakaribia, yangu ni fupi, ya kocha iko chini. Baba wa mtoto wa klabu nyingine, tena mtoto ambaye ndiye anagombea nafasi na wangu msimu mzima, alivua fimbo za mwanawe aliyekwisha kushuka akampa. Hakuna aliyemuomba. Nikamuuliza kwa nini, akasema hapa Austria kila mtu anajua kisa cha Sailer. Mimi sikukijua. Olimpiki ya Cortina 1956, Toni Sailer wa Kitzbühel ameshachukua dhahabu mbili, yuko juu kabisa kabla ya daunhili, mkanda wa ngozi unaofunga buti kwenye ski ukakatika, na mkanda wa akiba hakuna. Hansl Senoner, kocha wa Italia, yaani wapinzani na wenyeji wa mashindano, akafungua wa kwake akampa. Sailer akashinda kwa sekunde tatu na nusu na kuwa mtu wa kwanza kuchukua dhahabu zote tatu za ski za milimani kwenye Olimpiki moja. Ukisoma karatasi ya matokeo ya siku ile jina la Senoner halimo, lakini bila yeye jina la Sailer nalo lisingekuwa pale.

Na jambo hili halijaisha na wazee. Ile dhahabu ya Ledecká niliyoitaja juu, ski alizoshukia zilikuwa za Mikaela Shiffrin wa Marekani. Ledecká alianza na namba 26, watu walikuwa wameshaanza kumpongeza Veith, mwenyewe alipofika chini akabaki anaitazama saa haamini. Sochi 2014 daunhili ya wanawake Dominique Gisin wa Uswisi na Tina Maze wa Slovenia walilingana mpaka kwenye mia ya sekunde, wakapewa dhahabu wote wawili na kupanda jukwaani wameshikana mikono.

Nilipoanza kuwa mwamuzi wa geti nikaona upande mwingine kabisa. Kazi yenyewe ni kusimama kwenye baridi na kadi mkononi, unaangalia mageti yako machache, ncha zote mbili za ski na miguu yote miwili lazima ipite mstari wa geti. Kwenye slalomu mtu anaweza kupitisha mguu mmoja upande usio sahihi wa nguzo kwa kasi ambayo jicho halinasi. Na kanuni tuliyofundishwa ni kwamba ukiwa na shaka, shaka inamfaa mwanariadha, huandiki kosa ambalo hukuliona. Siku moja msichana alipita mbele yangu vizuri kabisa kwa nilivyoona, akamaliza na muda wa jukwaani. Baada ya robo saa akapanda kwa lifti, akasimama mbele yangu anatetemeka midomo: nilipitisha nguzo kati ya miguu kwenye geti lako. Nikamuuliza una uhakika, akasema nimeisikia kati ya miguu. Jina lake likafutwa. Kocha wake alikuwa anamsubiri chini, sikusikia walichoongea, niliona tu amembebea ski zake mpaka kwenye gari. Wazazi kadhaa walisema ni mjinga, na mimi nasema wazi wale wazazi ndio tatizo la mchezo huu kwa watoto kuliko barafu na hela zikiwekwa pamoja. Mashabiki wakubwa nao wana zao: Schladming hapa Austria 2018, usiku, watu walimrushia Henrik Kristoffersen wa Norway mabonge ya theluji akiwa anashuka, kisa anagombea ushindi na Marcel Hirscher, Mwaustria mwenzao. Hirscher mwenyewe hakulifurahia.

Halafu kuna mambo madogo ya sheria yanayoua siku nzima. Flachau, kijiji cha Hermann Maier, bingwa mkubwa wa ski wa Austria, huwa tunakwenda kutazama slalomu ya usiku ya wanawake kila Januari, na pale eneo la kumalizia kuna mstari mwekundu. Hutakiwi kuvua ski kabla ya kuuvuka, wanakagua vifaa baada yake. Maier mwenyewe Desemba 1997 huko Val d'Isère alishinda, kwa furaha akavua ski kabla ya mstari, ushindi ukaenda. Mtoto wako naye atafurahi siku moja, mwambie afurahi baada ya mstari.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki jina ambalo binti yangu alilibandika ukutani ni Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeibeba bendera ya Kenya PyeongChang 2018 na kushuka supa-G na slalomu kubwa. Yeye amewahi kusema wazi kwamba hela ndiyo kikwazo, na nikiangalia bili zangu za klabu ya kijijini namuelewa. Wakubwa kutoka timu kama Austria au Uswisi wana fundi wao, jozi nyingi za kuchagua, kocha kila kona na redio: anayeshuka kwanza akifika chini anawaambia wenzake juu wapi pamechimbika, wapi pana kivuli. Anayekuja peke yake hana sauti hiyo kwenye redio, labda mtu wa timu nyingine amhurumie. Ndiyo maana nampenda yule Mnorwe Bjørn Dæhlie ingawa yeye ni wa ski za masafa siyo za milimani: Nagano 1998 alishinda kilomita 10, akakataa kwenda kupokea dhahabu mpaka Philip Boit wa Kenya, wa mwisho kabisa, amalize, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Usalama msibanie hela. Januari 2024 Aleksander Aamodt Kilde wa Norway alianguka Wengen, Uswisi, na makali ya ski yake mwenyewe yakamchana shavu la mguu. Yale makali tunayoyanoa usiku ni wembe. Msimu uliofuata FIS ikalazimisha nguo za ndani zisizochanika na fulana ya hewa (inayojaa hewa mtu akianguka) kwenye daunhili na supa-G za ngazi ya juu. Kwa watoto wadogo siyo lazima kila mahali, lakini nguo ya ndani ya kuzuia makali inapatikana, mnunulie kabla hujamnunulia suti ya rangi.

Binti yangu sasa anaamua kama ataendelea kwenye mbio zenye pointi za FIS au atabaki kufundisha watoto, hilo namuachia yeye. Mkoba wetu wa mstari wa kuanzia mimi bado nauandaa: jiwe dogo la almasi, kipande cha plastiki cha kukwangulia soli, bisibisi, miwani ya akiba ndani ya soksi (na kamwe usiipandishe miwani juu ya helmeti yenye jasho, inakamata ukungu), fimbo za akiba ndefu kidogo kuliko za mtoto kwa sababu mwakani zitamtosha, na majina makubwa kwenye kila ski, pamoja na alama ya kushoto na kulia ili ukingo wa ndani ukigonga jiwe mzibadilishe miguu haraka. Na kwa wanaouliza lini waende basari: Oktoba, fika kabla mlango haujafunguliwa, mpeleke mtoto mwenyewe ajaribu buti na soksi nyembamba, vidole viguse mbele akisimama wima na virudi nyuma akikunja magoti. Buti kubwa la "atalikulia" ndiyo hasara ya kwanza ya wazazi wote wageni.